Siku Ishirini na Tano za Mama Jirani



Mtaani kwetu Goma yuko mama mmoja muuza mboga. Kila alfajiri chukudu humletea kabichi na viazi mlangoni, naye huvipanga kwenye meza yake kabla watoto hawajaenda shule. Si zamani alianza kutoka damu pasipo siku zake. Kwa haya alinyamaza, akanywa mizizi, akangoja. Alipokwenda hospitali mwishowe, mganga alimwambia kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita kansere.

"Je, ndiyo kufa?" aliuliza.

"La, Mama. Haujaenea mbali. Lakini dawa yako ni mionzi, nayo hapa Goma haipo."

Jioni ile alifika kwetu. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma. Nieleze: watanichoma kwa moto?"

Nilimweleza kama ninavyowaeleza ninyi sasa. Mionzi si moto. Ni nuru isiyoonekana kwa macho, yenye nguvu ya kupenya mwilini. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliivumbua mwaka 1895, na mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre wakavumbua radiamu, madini yatoayo mionzi yenyewe. Nuru hiyo huumiza chembe za mwili. Chembe nzima hujitengeneza tena upesi. Chembe za saratani haziwezi kujitengeneza vema, nazo hufa. Ndiyo sababu dawa hii haitolewi yote siku moja. Hugawanywa kidogo kidogo, Jumatatu mpaka Ijumaa, ili sehemu nzima za mwili zipate nafasi ya kupona.

Kwa ugonjwa kama wake, mara nyingi huwa siku 25, yaani majuma matano, pamoja na dawa ya mshipani mara moja kwa juma. Kisha hufuata mionzi inayotiwa ndani kwa chombo maalumu. Siku za mionzi ya nje, mgonjwa hulala kitandani dakika chache tu, wala hasikii maumivu.

Tazameni jambo la ajabu. Mwaka 1915 mawe ya urani yalionekana Shinkolobwe, huko Katanga. Tangu mwaka 1922 yalisafishwa Olen, Ubelgiji, yakatoa radiamu iliyotumika katika hospitali nyingi duniani kuwatibu wagonjwa wa saratani. Basi ardhi ya Kongo iliwapatia wengine dawa miaka mia moja iliyopita, na leo mama wa Goma huvuka mpaka ili aipate. Ni kweli kwamba Februari 2022, shirika la kimataifa la nguvu za atomi lilipoanzisha mpango wa kuzisaidia nchi za Afrika kupata mashine hizo, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Lakini ugonjwa haungoji mipango.

Mama yetu alielekezwa Kigali, ambako hospitali ya jeshi iliyoko Kanombe ilianza kutibu kwa mionzi mwaka 2019. Toka Goma mtu huvuka bariyeri kwa miguu mpaka Gisenyi, kisha hupanda basi karibu saa nne katika milima hadi Nyabugogo. Kwenda na kurudi kila siku haiwezekani. Ilimpasa apange chumba, na kila asubuhi avuke mji kwa basi jingine.

Shida ikawa hapo. Nani angeuza mboga? Binti yake mkubwa, mwanafunzi wangu, alikuwa ameanza kufunga vitabu vyake. Akina mama wa likelemba walipopata habari, walikutana. Walimpa mgonjwa zamu ya fedha kabla ya wakati wake, tena wakapeana siku za kukaa mezani pake. Binti akarudi darasani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Juma la tatu lilikuwa zito. Tumbo liliharisha, miguu ikakosa nguvu. Ijumaa moja alinipigia simu: "Mwalimu, nimechoka. Nirudi Goma nipumzike nusu mwezi, kisha nitaendelea."

"Mama," nikamjibu, "shamba likiachwa nusu, magugu hurudi. Waambie waganga habari ya tumbo. Wana dawa yake. Lakini siku zako usizikate."

Sikusema kwa kubahatisha. Waganga wanataka matibabu yote ya saratani hii yamalizike katika majuma manane. Yakirefushwa, tumaini la kupona hupungua. Tena mpaka una mambo yake. Tarehe 1 Agosti 2019 ulifungwa kwa muda kwa hofu ya Ebola, na mwaka 2020 ulifungwa kwa miezi mingi kwa sababu ya korona. Anayerudi nyumbani katikati ya dawa aweza kukuta njia imefungwa.

Kwa hiyo, msomaji, jambo hili likifika nyumbani kwako, shika haya. Kwanza, kabla ya kuondoka, uliza kwa simu kama mashine inafanya kazi, na gharama yote ni kiasi gani. Mwaka 2016 mashine ya pekee ya Uganda iliharibika, na mpya ilizinduliwa mwanzo wa 2018. Pili, panga chumba karibu na njia ya basi, si mahali pa bei ndogo kuliko pote. Tatu, usifute alama za wino zilizochorwa mwilini. Osha ngozi kwa maji ya vuguvugu, wala usiisugue. Nne, usiogope kukaa na watoto: mionzi ya mashine haibaki mwilini mwa mgonjwa.

Jambo la tano ni kubwa kuliko yote, nalo ni kwa wazima. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa hasa na kirusi kinachoambukizwa kwa njia ya ndoa na zinaa, na chanjo yake ipo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011. Mwanamke akipimwa mapema, dalili za kwanza huondolewa kabla hazijawa saratani. Haya ya siku moja mbele ya mganga ni ndogo kuliko majuma ya ugenini.

Mama jirani alimaliza siku zake zote. Amekonda, na kila baada ya miezi mitatu hurudi kupimwa. Waganga hawajamwambia kwamba amepona kabisa. Wamemwambia aendelee kuja. Juzi nilimkuta mezani pake akihesabu kabichi. Mbele yake walisimama wanawake wawili wasionunua kitu. Walikuwa wakimwuliza kwa sauti ya chini ni mlango gani wa hospitali wanakopimwa akina mama, naye aliacha kuhesabu ili awaeleze.