Sabuni ya Nyumbani: Sufuria Moja, Wiki Sita na Pesa za Bibi Harusi

Sufuria ya kwanza ilikufa Jumamosi, saa tano asubuhi, kule Kahawa West. Tulikuwa wanne, wote wa kitengo cha mawasiliano hapa kazini, na tulikuwa tumeazima jiko la mamake mwenzetu tukimwahidi kwamba kufikia saa saba tutakuwa tumemaliza na kuosha vyombo. Tulipima maji, tukaongeza kostiki soda, tukakoroga. Mara ikaanza kutokota bila moto. Mapovu, mvuke, harufu ya kukaba koo, halafu sufuria ikageuka nyeusi ndani. Mama aliingia, akaitazama sufuria, akatutazama sisi, akauliza polepole, "Sasa na hii nitapikia nani?"

Kumbe sufuria zetu nyingi za nyumbani ni za alumini, na kostiki soda huila alumini. Zikikutana hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Bahati yetu jiko lilikuwa limezimwa na madirisha yalikuwa wazi. Siku hiyo hatukutengeneza sabuni yoyote. Tulikwenda kununua sufuria nyingine, Ksh 900, tukalipa kwa simu pale dukani na kurudi nayo kama watoto waliotumwa.

Utauliza, kampuni ya malipo ya simu inaandika habari za sabuni kwa nini? Kwa sababu kila kosa tulilofanya jikoni liliacha alama kwenye simu zetu. Na kosa kubwa kuliko yote halikuwa la kostiki hata kidogo. Tutalifikia.

Kwanza, kazi yenyewe. Tunaongelea sabuni ya kipande, si ile sabuni ya maji ya mtungi ambayo wengi wetu tumeona ikikorogwa kwenye ndoo mtaani. Ile ya maji kwa kawaida ni kuchanganya kemikali zilizokwisha kutengenezwa kiwandani. Ya kipande huanza na mafuta matupu na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Vikishamalizana, kostiki yote huwa imetumika, na unabaki na sabuni na gliserini. Ukifika hapo unaelewa kwa nini watu huipenda hii kazi: unaingia jikoni na mafuta ya kupikia, unatoka na kitu cha kuogea.

Lakini haitaki makisio. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Gramu 100 za mafuta ya nazi huhitaji kama gramu 18, ya mawese kama 14, ya alizeti kama 13 na nusu. Mchanganyiko tuliouzoea ni gramu 300 za nazi, 400 za mawese na 300 za alizeti. Ukipiga hesabu na kupunguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi, unapata gramu 144 za kostiki, na maji gramu 300. Inatoka vipande 13 vya wastani. Mara ya pili tulipojaribu, tulipima kwa vijiko kwa sababu mizani ilikuwa Ksh 1,200 na tuliona ni ghali. Sabuni ikatoka ngumu kama chaki, ikivunjika ukiikata, na karatasi ya kupima pH ikasoma juu mno. Sabuni ya aina hii ikiwa nzuri husoma kati ya 9 na 10. Ile tuliitupa yote. Mizani tukanunua wiki iliyofuata.

Hapa tuseme jambo bila mzaha. Kostiki soda huchoma ngozi na inaweza kupofusha. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu na nguo ya mikono mirefu. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya kostiki, itakurukia. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayohimili joto, maana mchanganyiko hupata moto sana wenyewe. Ikikugusa, vua nguo iliyolowa na usuuze kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha uende hospitali. Achana na ushauri wa kumwagia siki. Na tafadhali, usihifadhi kostiki kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui kusoma nia yako. Nunua iliyoandikwa sodiamu haidroksaidi pekee, maana nyingine za kuzibulia mabomba huchanganywa na vitu vingine. Magadi ya kupikia maharagwe pia hayatafaa, tuliulizwa mara nyingi. Ni ndugu yake kostiki, lakini kwa njia hii hayawezi kugeuza mafuta kuwa sabuni.

Mara ya tatu ilikubali. Tulipasha mafuta, tukasubiri maji ya kostiki yapoe, tukachanganya kwa blenda ya mkono mpaka ikawa nzito kama uji wa mtoto, tukaongeza machicha ya kahawa tuliyoyakausha na matone ya mafuta ya mchaichai. Tukaimimina kwenye kisanduku cha mbao alichotutengenezea fundi, tukaifunika kwa blanketi. Kesho yake tuliikata kwa kisu. Wacha tu. Ile raha ya kukata kipande cha kwanza, kikaanguka laini na kingo zake safi, hatujui tuilinganishe na nini. Mmoja wetu alilala na kipande kando ya mto, na hatumtaji.

Baada ya hapo ni kungoja. Wiki nne hadi sita, vipande vimepangwa mahali penye hewa, maji yakiondoka na sabuni ikikomaa. Ukiitumia mapema inayeyuka bafuni kama barafu, na bado ni kali kwa ngozi. Watu wengi huacha hapa. Umetoa pesa, umetoa jasho, na kitu kiko juu ya kabati kinakutazama.

Sasa pesa. Mafuta ya nazi ndiyo yaliyotusumbua kuyapata kwa bei nzuri. Tuliona tangazo mtandaoni, mtu akauza lita tano kwa Ksh 2,400, akatuma namba ya simu ya kawaida. Tulipoweka namba ile, jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha halikuwa la duka wala la yule tuliyekuwa tunaongea naye. Sisi, tunaoandikia wateja kila wiki kwamba "soma jina kabla ya kuweka PIN", tulisoma jina, tukaambiwa ati ni la shemeji yake, tukaweka PIN. Simu ikazimwa dakika kumi baadaye. Tulipiga huduma kwa wateja siku iliyofuata, tukiwa na aibu, na pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Ungekuwa wewe, piga dakika ile ile unaposhtuka, kabla pesa hazijatoka upande wa pili. Jina lisipolingana, acha biashara hiyo, hata kama ni ya shemeji kweli.

Baadaye tukaelekezwa kwa mama mmoja wa Kilifi anayekamua nazi mwenyewe. Mara ya kwanza tulinunua lita moja tu, kumpima. Alipiga simu jioni ile ile: "Wanangu, mzigo nimeshauweka kwenye basi, mwende kesho alfajiri." Tukamjibu, "Shikamoo mama, tumeshukuru." Tangu siku hiyo hatujanunua kwingine.

Tulipopata ujuzi kidogo, kichwa kikavimba. Watu wa ofisini walianza kuomba vipande, kisha dada wa mmoja wao akatupigia: anaolewa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, anataka vipande 40 vya kuwapa wageni kama shukrani. Ksh 150 kila kimoja, jumla 6,000. Akatuma nusu, 3,000, kwenye simu ya mwenzetu mmoja. Pesa hizo zikaingia kwenye salio lile lile analolipia nauli, chakula cha mchana na tokeni za stima. Hakuna aliyeiba. Lakini baada ya kununua mafuta, kilichobaki kiliyeyuka kidogo kidogo, na hakuna mtu angeweza kukuambia kilienda wapi.

Tulimimina sabuni zote 40 Jumamosi moja katikati ya Julai. Wiki sita kamili kabla ya harusi. Tatizo ni kwamba Julai Nairobi ni baridi, na mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hatukuyapasha vya kutosha. Mchanganyiko ukawa mzito haraka, tukafurahi tukidhani umekubali, kumbe ni mafuta tu yalikuwa yanaganda kwa baridi. Jumapili asubuhi tulikuta tabaka la mafuta juu, na chini maji makali ya kostiki yakivuja kwenye pembe za kisanduku. Wengine huokoa mchanganyiko kama huo kwa kuuchemsha upya. Wetu ulikuwa umeshamwagika kiasi tusichokijua, kwa hiyo hesabu ya kostiki ilikuwa imepotea. Kilo tatu za mafuta zikaenda hivyo.

Mafuta mengine tungenunua na nini? Ilibidi tungoje mshahara. Mzigo wa Kilifi ulipofika ilikuwa wiki ya kwanza ya Agosti, na tukimimina hapo sabuni itakuwa na wiki tatu tu siku ya harusi. Tulibishana ndani ya matatu kutoka mjini mpaka Githurai. Mmoja wetu alisema wageni hawatajua. Wataiweka nyumbani, itakomaa huko huko. Mwingine akauliza, na yule atakayemwogeshea mtoto usiku ule ule? Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulishuka, tukampigia bibi harusi.

Hakututukana. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, lakini mngeniambia mapema." Hilo ndilo lililouma, kwa sababu tulikuwa tumejua tangu Julai. Kila mmoja alitoa Ksh 750, tukamrudishia elfu tatu zake jioni hiyo. Alinunua karanga za kukaanga, akazifunga kwa utepe. Tulialikwa hata hivyo. Zilikuwa tamu.

Jumatatu iliyofuata tulifanya jambo tulilopaswa kulifanya mwanzo: kila mmoja aliomba taarifa ya miezi sita ya simu yake, tukakaa na kalamu nyekundu. Kabla ya kuhesabu, kila mtu alikisia. Kisio la juu lilikuwa elfu sita. Jibu lilikuwa Ksh 14,950. Mafuta, kostiki na manukato 4,750. Blenda 2,500. Yule mtu wa shemeji, 2,400. Mizani 1,200, sufuria ya mama 900, kisanduku 600, miwani na glavu 450. Na usafiri pamoja na ada za kutuma, zile shilingi chache chache ambazo hakuna anayezihesabu, 2,150. Kufikia hapo tulikuwa na vipande 65 vizuri. Kila kimoja kilikuwa kimetugharimu Ksh 230, na tulikuwa tumekubali kuviuza 150.

Kama ni burudani tu, sawa, watu hulipa zaidi ya hapo kutazama mpira. Lakini ukishapokea shilingi ya mtu si burudani tena, na ndiyo maana tumebadilisha mambo mawili matatu. Pesa za sabuni ziko kwenye laini yake peke yake, na malipo ya oda huingia kwa namba ya till, hayapiti kwenye simu ya mtu. Hatuchukui oda ya sabuni ambayo haijakatwa. Mtu akituonyesha ujumbe kwamba ameshalipa, tunaangalia salio letu wenyewe kwanza, maana ujumbe wa uongo huandikwa vizuri siku hizi kuliko hata zetu za kweli. Na tukifika siku ya kupeleka dukani, tutaanza na KEBS kupata alama ya ubora. Hatujafika.

Mama wa Kahawa West bado anatuazima jiko. Wiki iliyopita alituma Ksh 300 kwa till bila kusema kitu. Tukamrudishia. Akatuma tena, safari hii akapiga na simu: "Mimi sitaki vya bure. Nataka mbili za kahawa." Tukamwambia zimekatwa juzi tu, bado wiki tano na ushei. "Basi nimelipa nikiwa naziona," akasema. "Ziko hapa juu ya kabati langu."