Filme za zamani ndani ya boksi ya maziwa: tununue skaneri gani?

Wamama na wadada wapenzi, tangu mkutano wa mwezi uliopita mnatuuliza swali moja tu: ile pesa tuliyotenga katika sanduku la kikundi kwa ajili ya foto za familia, itanunua mashine gani? Juma hili tunajibu. Tuliazima mashine mbili, tukaongeza telefoni, tukazijaribu zote katika chumba cha wageni cha mmoja wetu hapa Ibanda. Jibu tulilopata si lile tulilolitegemea.

Tuanze na boksi yenyewe. Mama mmoja wa kikundi chetu alirithi kwa baba yake boksi kubwa ya maziwa ya unga iliyojaa filme. Mzee alikuwa mpiga foto wa mtaani kule Kadutu: arusi, ubatizo, wanafunzi wenye diploma mkononi, vijana wenye suruali pana wameegemea pikipiki ya mtu mwingine. Foto za karatasi zilienda kwa wenyewe, na nyingi zimepotea. Dada yake aliyeolewa Goma alipoteza albamu nzima tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na lava ikafunika nyumba upande wa Buhene. Ndani ya albamu ile mlikuwa na foto ya arusi ya mama yao, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na nakala. Lakini filme zilibaki Bukavu. Kama mzee hakuitupa, basi arusi ile ilikuwa bado ndani ya boksi, mahali fulani. Mama yao yuko hai, macho yake yanapungua, na alikuwa ameuliza mara mbili.

Tulipofungua boksi, harufu ilitushitua: siki. Wenye filme nyumbani, mujue harufu hiyo maana yake nini. Plastiki ya filme nyingi za zamani inaitwa asetati. Ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kuvunjika na kutoa asidi ya siki, kisha filme inajikunja, inapungua, na mwisho ngozi yake ya foto inabanduka. Asidi inayotoka inaharibu filme za jirani pia, kwa hiyo zinazonuka zitengwe siku hiyo hiyo. Na boksi iliyofungwa kabisa inazidisha ubaya, kwa sababu asidi haina pa kutokea. Sisi tulizihamishia katika bahasha za karatasi, juu ya kabati, mbali na jiko na mbali na ukuta unaolowa wakati wa mvua. Filme inayonuka haingoji, na ndiyo sababu hatukutaka kukaa mwaka mzima tukibishana juu ya mashine.

Wengi wenu mlituambia: si mupeleke tu kwenye sekretariati wanakopiga fotokopi? Tulipeleka. Ikatoka karatasi nyeusi. Kosa si la kijana wa pale. Mashine ya ofisi inaangaza karatasi kutoka chini na kusoma mwanga unaorudi. Filme haifai kusomwa hivyo, inataka mwanga upite ndani yake, kama vile unavyoinua filme dirishani ili uone sura. Kwa hiyo skaneri ya filme lazima iwe na taa upande wa pili. Ukienda kununua, fungua kifuniko kwanza: kama ndani ni plastiki nyeupe tu bila taa, rudisha pesa yako mfukoni.

Zenye taa ziko za aina kadhaa. Ya kwanza ni kisanduku kidogo chenye kioo chake, mfano wa Kodak Slide N Scan. Ndani yake kuna kamera tu na taa. Unasukuma filme, unabonyeza, foto inaingia kwenye kadi ya kumbukumbu bila ordinateri. Inakula umeme kidogo wa USB, kwa hiyo hata batri ya sola inaitosha. Watoto waliipenda sana. Katika saa moja tulipitisha foto nyingi kuliko siku nzima ya mashine nyingine, na kwa foto ya kutuma kwa telefoni inatosha. Lakini haina nafasi ya kurekebisha sana: sehemu yenye mwanga mkali, kama gauni jeupe juani, mara nyingi inakuwa doa jeupe tupu.

Ya pili ni skaneri ya filme peke yake, kama Plustek OpticFilm 8200i. Hii inasoma vizuri sana. Boksi lake linasema nukta 7200 kwa inchi, na waliopima wanasema kweli yake ni karibu 3250, ambayo bado ni nyingi. Unasukuma kila foto kwa mkono, moja moja, na inataka ordinateri. Hatukuipata ya kuazima. Zile za Nikon, Coolscan, zinasifiwa hadi leo, lakini kampuni iliacha kuzitengeneza zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ikiharibika hapa kwetu, nani ataitengeneza?

Ya tatu ni skaneri ya kulaza, yenye kioo kipana na taa katika kifuniko, kama Epson Perfection V600. Hapo tuseme wazi juu ya namba, maana wauzaji wanazipenda. Boksi linasema 6400. Waliopima wanapata karibu 1500 na kidogo. Ukiisoma filme kwa 6400 unapata faili kubwa ajabu, lakini sura haiongezeki hata kidogo.

Je, 1500 inatosha? Tulipiga hesabu na binti yetu anayesoma ISP. Foto ya filme ndogo ina milimita 24 kwa 36. Kwa karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ile tunayoweka katika albamu, unahitaji nukta kama 1250 tu kwa inchi. Kwa hiyo 1500 inatosha na inabaki. Ukitaka kuitundika ukutani sentimita 20 kwa 30, hapo unahitaji karibu 2500, na Plustek inashinda. Mpaka hapa tulikuwa tunaelekea Plustek, na wawili wetu walikuwa wamekwisha kupiga kura.

Ndipo tulipomwaga boksi lote juu ya meza. Tuliona filme za aina mbili. Kuna vipande virefu vyembamba vyenye matundu pembeni, hivyo ndivyo vya milimita 35. Na kuna vipana visivyo na matundu, kila foto mraba wa karibu sentimita 6 kwa 6. Mzee alianza kazi na kamera ya mraba na alinunua ndogo baadaye. Plustek haipokei filme ya mraba. Kisanduku kidogo vilevile hakiipokei. Arusi za miaka ya kwanza, pamoja na ile tuliyoitafuta, zilikuwa zote za mraba.

Skaneri ya kulaza inapokea zote mbili. Na kwa filme kubwa, ile namba ndogo haina neno: mraba wa milimita 56 ukisomwa kwa nukta 1200 tu unakupa foto nzuri ya sentimita 22 kila upande. Kwa hiyo, wamama, kabla ya kuuliza bei, mwagieni boksi zenu mezani mupime filme kwa rula. Tungekuwa tumefanya hivyo siku ya kwanza, tungeokoa majuma mawili ya mabishano.

Jambo moja bado. Mashine hizi za bei ya juu zinasifiwa kwa kufuta vumbi zenyewe kwa mwanga wa infraredi. Kwa filme ya rangi ni kweli. Kwa filme ya kawaida ya nyeusi na nyeupe haifanyi kazi, maana sura yake imetengenezwa na fedha, na fedha inazuia mwanga ule kama vumbi linavyouzuia. Mashine inaona sura ya bibi yako kama uchafu, inaanza kuifuta. Zimeni kabisa. Boksi letu karibu lote ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo vumbi tunalitoa kwa mikono: mpira mdogo wa kupuliza kutoka famasi na glovu safi za pamba. Maji hapana, mate hapana, na kitambaa cha kitenge hapana kabisa, kinakwaruza.

Na telefoni? Ilitushangaza. Tabuleti yenye ukurasa mweupe chini, kioo cha dirisha kilichoinuliwa juu ya vitabu viwili, filme juu ya kioo, telefoni juu ya yote. Kisha programu inageuza nyeusi kuwa nyeupe. Filme isilale juu ya tabuleti yenyewe, maana nukta za tabuleti zitaonekana katika foto. Kwa nyeusi na nyeupe matokeo ni mazuri kuliko ya kisanduku kidogo. Kwa rangi ni kazi, kwa sababu filme ya rangi ina utando wa machungwa, na ukigeuza, watu wote wanakuwa wa bluu. Asiye na pesa aanze hivyo leo, asingoje kikundi.

Arusi ilipatikana Jumamosi ya pili, saa kumi jioni, katika kipande kilichoanza kujikunja pembeni. Umeme ulikatika katikati ya kusoma, tukaanza upya. Tulipoigeuza, tukaenda nayo kwa mama mwenyewe, tukaikuza hadi sura moja ikajaa ordinateri nzima. Aliita majina kumi na moja, mmoja mmoja, na binti yake akaandika. Mwanamke wa kumi na mbili, aliyesimama nyuma na kikapu, hakumkumbuka. Alisema turudi asubuhi, macho yake ni mazuri asubuhi.

Pendekezo letu kwa mkutano ni skaneri ya kulaza yenye taa katika kifuniko, iliyotumiwa lakini inayofanya kazi, na sehemu zake za kushikilia filme ziwepo zote, kwa sababu bila hizo filme inapinda na foto inatoka na ukungu. Kila familia ilete kle USB yake mbili: moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa ndugu wa mji mwingine. Kura itapigwa Jumamosi saa nane, baada ya likelemba. Mwenye filme za mraba aje nazo katika bahasha ya karatasi, na zinazonuka siki ziwe katika bahasha ya peke yake.