Kiingereza cha Chuo Kikuu Nacho Kina Isnadi

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikuwa barazani nikinywa kahawa, akanijia jirani yangu, amesawijika uso. Mwanawe yuko Uingereza, anasoma mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Ili aende huko, mama mtu aliuza dhahabu zake za arusi. Sasa kijana amerudishiwa insha, ameambiwa ameiba maneno ya watu, na akirudia atafukuzwa.

"Mwanangu si mwizi," alisema mzee.

Usiku tulimpigia simu. "Shikamoo, ami," alisema kwa sauti ya chini. "Kiingereza changu nilikiona kibovu, cha kitabu kizuri. Nikakinakili."

Wasomaji wapenzi, hayuko peke yake. Wanafunzi wengi wanaotoka China, Arabuni na kwetu Afrika hukwama papo hapo. Wamepasi mtihani wa lugha, lakini mtihani ule ni wa kuvukia mlango tu. Ndani mna Kiingereza kingine: cha kupima rai za wataalamu, kukubali hili na kukataa lile, na kumtaja kila mwenye neno. Sisi tuliosoma chuoni tulisifiwa kwa kuhifadhi maneno bila kupunguza herufi. Lakini tulifunzwa pia kuwa hadithi isiyo na isnadi haipokelewi. Basi chuo kikuu nacho chadai isnadi: fulani kasema, katika kitabu fulani, mwaka fulani.

Nilimweleza kijana kwamba vya kumsaidia viko tele, na vingi havina malipo.

Cha kwanza ni kamusi ya wanafunzi wageni. Mwingereza A. S. Hornby alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha, akaona wanafunzi wake wanahitaji kamusi ya namna yao. Ile aliyoitunga na wenzake wawili ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa mwaka 1948. Kamusi hiyo haikupi maana tu, bali hukuonyesha neno linavyotumika. Sisi tuna shauri na mashauri, kwa hivyo mtoto wetu huandika "advices". Kamusi itamwambia kuwa neno hilo kwa Kiingereza halina wingi. Ile ya Longman, iliyotoka mwaka 1978, hueleza maana kwa maneno mepesi yapatayo 2,000 tu.

Cha pili ni orodha ya maneno aliyoitoa Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000. Humo mna koo 570 za maneno yanayotumika katika elimu zote, iwe sheria au sayansi, nayo ni kama neno moja katika kila kumi ya vitabu vya chuo kikuu. Akidurusu koo 10 kila juma, kwa majuma 57 amezimaliza. Na aziandike, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Cha tatu kiko katika intaneti. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kimeweka masomo ya uandishi tangu mwaka 1994, pamoja na namna ya kutaja vitabu. Kile cha Manchester kina hazina ya vifungu iliyokusanywa na John Morley: jinsi ya kuleta rai ya mtu, kuipinga, au kuiwekea mpaka. Vifungu hivyo havina mwenyewe. Ukivitumia, hakuna atakayekuita mwizi.

Cha nne ni watu. Vyuo vikuu vingi vina ofisi ya kuwasaidia wanafunzi kuandika. Hawatamwandikia insha, watamwuliza maswali mpaka aone mwenyewe ilipopinda. Wala asimlipe mtu au kuiachia kompyuta imwandikie, maana hapo atakuwa ameiba kwa mkono wa mwingine.

Kijana aliujua mlango wa ofisi hiyo tangu siku ya kwanza. Aliona haya kuubisha, akidhani ni wa wajinga. Haya hiyo ndiyo iliyotaka kumla dhahabu za mamake. Anayeuliza njia hapotei.

Jana jirani yangu alikuja tena. Kijana amekwenda ofisini, ameandika upya, na kila neno la mtu limepewa mwenyewe. Majibu bado hayajatoka. Lakini mzee alikaa barazani mpaka magharibi, na kahawa akalipa yeye.