Gitaa Kavu, Maikrofoni na Miksa Ndogo: Kila Chombo na Tundu Lake

Katika kata ya Daudi wilayani Mbulu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Manyara, kwaya za Kanisa ni mahali ambapo vijana wengi hukutana na vyombo vya muziki kwa mara ya kwanza. Ibada inapofanyika nje, gitaa kavu, yaani lile linalovuma kwa mwili wake wa mbao bila umeme, humezwa na sauti za waimbaji. Hapo ndipo inapohitajika miksa, chombo kinachopokea sauti kutoka vyanzo mbalimbali, kuziwianisha na kuzipeleka kwenye amplifaya na spika.

Maikrofoni ya kawaida ya mkononi, mfano SM58 ya Shure iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, huzalisha umeme wa milivolti chache tu, na kwa sababu hiyo huchomekwa kwenye tundu la pini tatu, ambalo nyuma yake kuna sakiti ya kuukuza. Waya wake hubeba sauti katika nyuzi mbili kwa mielekeo inayopingana, hivyo kelele inayoingia njiani hujifuta yenyewe, hata waya ukiwa na urefu wa makumi ya mita. Maikrofoni za kondensa huhitaji pia umeme wa volti 48 utokao kwenye miksa, na sauti hushushwa kabla ya kuuwasha.

Gitaa lina masharti mengine. Kinasio, yaani kifaa kinachonasa mtetemo wa gitaa, kilichobandikwa chini ya daraja la nyuzi, kisipokuwa na betri, kina ukinzani mkubwa sana, na kikiunganishwa na tundu lisilokifaa, besi hupotea, sauti ikabaki nyembamba na kali. Dawa yake ni kisanduku cha DI, ambacho hushusha ukinzani huo na kuliwezesha gitaa kutumia waya wa pini tatu, au ni tundu la miksa lenye alama ya Hi-Z, yaani la ukinzani mkubwa. Gitaa lenye betri ya volti 9 huweza kuchomekwa moja kwa moja kwa waya wa jeki, mradi usizidi mita sita hivi. Lisilo na kinasio huwekewa maikrofoni umbali wa sentimita 20 hivi, ikielekezwa karibu na kizuizi (freti) cha 12 shingoni, kwa kuwa mbele kabisa ya tundu la sauti la gitaa besi huwa nzito mno.

Baada ya kuunganisha, fundi mitambo humwomba kila mpigaji na mwimbaji atoe sauti yake kubwa kabisa, akapandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inapoingia, mpaka taa nyekundu imulike, kisha akairudisha kidogo. Spika hukaa mbele ya maikrofoni, upande wa wasikilizaji, si nyuma yake, ili sauti isirudi na kuzusha mluzi. Amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza.

Kwa hiyo kwaya inayochangisha fedha za spika kubwa zaidi ianze kwa kununua kisanduku cha DI na waya imara, kwani spika haiwezi kurudisha besi iliyokwisha kupotea kwenye tundu.