Foto ya kahawa yetu: kuitengeneza bila kuidanganya



Wengi wenu mliomba tueleze namna ya kutengeneza foto, kwa simu na kwa ordinateri. Tulifanya mafunzo ya siku tatu hapa Ibanda, mu chumba kimoja upande wa Nyawera, pamoja na makarani na memba wa komite waliotoka Kabare, Kalehe, Walungu na Idjwi. Siku ya kwanza umeme ulikatika saa nne asubuhi na kurudi jioni. Basi ordinateri zikangoja, tukaanza na simu. Ilikuwa bahati nzuri, juu wengi wenu mko na simu tu, na kazi kubwa inaweza kumalizikia hapo hapo mkononi.

Kabla ya kushika vifaa, tuwaambie kisa kimoja ambacho kilituuma. Mama mmoja memba wa koperative aliona madoa juu ya majani ya kahawa yake. Kijana wake akapiga foto. Ili ipendeze, akabonyeza ile alama ya kurembesha yenyewe, rangi ya kijani ikawa kali, madoa ya manjano yakafifia. Akatutumia. Sisi mu biro tukaangalia, tukajibu kwamba majani ni mazuri, angoje mvua. Wiki tatu kisha, tulipofika shambani na kugeuza jani, chini yake kulikuwa unga wa rangi ya machungwa: kutu ya kahawa, na ilikuwa imekwisha kuruka kwa jirani. Kosa si la kijana. Ni letu, juu hatukumuuliza kama foto ile ilikuwa imeguswa.

Kwa hiyo tuelewane mapema. Kuna foto za kuuzia na kuna foto za kutafutia ugonjwa, na hazitengenezwi kwa namna moja. Ile ya ugonjwa usiiguse rangi hata kidogo. Piga jani upande wa juu, kisha chini, weka kando yake karatasi nyeupe na kalamu ya Bic. Karatasi inamsaidia agronomi kujua kama mwanga ulikuwa wa kawaida. Kalamu inamwonyesha ukubwa wa doa. Usipige chini ya plastiki ya bluu ya kuanikia, juu kila kitu kitageuka bluu. Vilevile kwa mnyauko wa migomba: kata kishina, piga foto ya ule usaha wa manjano unaotoka, itume jinsi ilivyo. Ukimaliza, safisha panga kwa moto au jik kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ugonjwa ule unatembea na panga.

Sasa tuje kwa foto zingine, zile za ripoti, za mnunuzi, za etiketi ya mfuko.

Foto mu simu ni vipande vidogo vidogo vya rangi vilivyopangwa kama mbegu juu ya meza ya kuanikia. Kila kipande kinaitwa pikseli. Simu nyingi za leo zinatoa foto ya pikseli 4,000 kwa 3,000, ndiyo milioni 12. Ukitaka kuchapisha foto ikae safi, wachapishaji wanaomba pikseli 300 kwa kila inchi, ambayo ni sentimita 2.54. Piga hesabu: foto nzima inaweza kuchapishwa kwa upana wa sentimita 34 hivi. Ukikata ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, zitabaki sentimita 17 kwa karibu 13. Kwa etiketi ya mfuko wa kahawa hiyo inatosha kabisa. Lakini ukikata uso wa mtu mmoja kutoka foto ya mkutano wa watu sitini, utabaki na pikseli chache, na mchapishaji akiipanua utaona miraba kama ukuta wa matofali. Hakuna kifaa kinachorudisha pikseli ambazo hazikupigwa. Afadhali umkaribie mtu kwa miguu, usimkaribie kwa kukuza na vidole.

Jambo la pili ambalo linaharibu foto nyingi kuliko mikono yetu ni kuzituma. Ukituma foto kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inaipunguza ili isile mega nyingi. Kwa kuangalia tu, hakuna shida. Kwa mchapishaji, ni hasara. Tuma kama dokima: bonyeza kile kishikizo cha karatasi, chagua "Document", kisha tafuta foto yako. Itakula unite zaidi, lakini itafika nzima.

Vifaa vya kwanza ni vichache. Kwa simu ya Android tulitumia Snapseed, ni ya bure na ikiisha kuingia mu simu inafanya kazi bila intaneti. Hata galeri ya simu yako iko na vifaa hivi vya msingi.

Kukata, ambako simu zenye kuandikwa Kifaransa zinaita "Rogner", ndiko tulikofundisha kwa muda mrefu zaidi, na tunafikiri ndicho kifaa chenye faida kuliko vyote. Wanafunzi wetu walileta foto ya mama anayechambua kahawa. Kushoto kulikuwa bidon, kulia mguu wa mtu, juu mbingu tupu. Tulipokata bidon na mguu, macho yakaenda moja kwa moja kwa mikono na mbegu. Hatukuongeza kitu, tulitoa tu. Wakati huohuo nyoosha foto kama imelala: ukingo wa Ziwa Kivu usiwe kama mlima wa kuteremka Kadutu.

Mwanga: hapa watu wengi wanavuta mpaka mwisho. Vuta kidogo, acha, angalia. Kama mtu alisimama na jua nyuma yake uso ukawa mweusi, usiongeze mwanga wa foto nzima, utaunguza mbingu. Ongeza mwanga wa vivuli peke yake, kiko kifaa chake. Kontrasti inatenga nyeusi na nyeupe. Ukiizidisha, ngozi za watu wetu zinageuka kama mkaa, na tumeona ripoti nyingi zilizochapishwa namna hiyo, aibu tupu. Halafu rangi nyeupe: kama foto ilipigwa mu depo chini ya taa ya manjano, tafuta "Balance des blancs", na usogeze mpaka mfuko mweupe uonekane mweupe.

Baada ya hapo, acha. Filtre za nyota, za mashavu laini na za macho makubwa hazina kazi yoyote mu koperative.

Siku ya pili umeme ulirudi, tukafungua ordinateri. Wengi wanajua jina Photoshop, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1990. Ni nzuri, lakini inalipiwa, na zile kopi za kuibia ambazo watu wanabeba mu kle USB mara nyingi zinaleta virusi, na virusi inaweza kumeza daftari la malipo ya memba. Sisi tulitumia GIMP, ambayo ni ya bure na ya halali. Iliandikwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ilitoka kwa watu mwaka 1996. Tangu pale inaendelezwa na watu wa kujitolea. Ni kama koperative ya programu, mzee mmoja wa Kalehe alisema, lakini hii haina mtunza-hazina wa kukimbia na sanduku.

Mu GIMP kitu kigumu kwa mwanzo ni matabaka, "Calques". Tulieleza hivi: chukua foto, weka juu yake kioo, andika jina la koperative juu ya kioo. Ukikosea, unafuta kioo, foto haijaguswa. Juu ya kioo kile unaweza kuweka kingine chenye uzito wa mfuko, na kingine chenye alama yenu. Kila tabaka linasogea peke yake. Mama mmoja alikaa dakika arobaini akijiuliza kwa nini maandishi yake hayaonekani. Yalikuwa chini ya foto. Tulipoyapandisha juu mu ile orodha ya matabaka, chumba kizima kilipiga makofi.

Ukikosea, bonyeza Ctrl na Z, inarudi nyuma hatua moja, tena na tena. Ukihifadhi kwa kawaida, GIMP inaweka faili ya XCF, ambayo inachunga matabaka yote. Ile ni ya kwenu, msiitupe, kesho bei au uzito ukibadilika mtaihitaji. Ya kutuma nje unaifanya kwa "Exporter sous", na kuipa mwisho wa .jpg. Lakini angalisho: JPEG inapoteza kidogo kila mara unapoifungua, kuibadilisha na kuihifadhi tena. Kwa hiyo foto ya asili usiiandike juu. Kopi iitwe kwa jina lingine, na jina liseme kitu: kalehe-kuanika-meza-2 ni bora kuliko IMG_0417.

Kifaa kimoja tulibishana juu yake nusu saa: "Clonage", kile kinachokopa kipande cha foto na kukibandika mahali pengine. Kijana mmoja alikitumia kufuta mbegu nyeusi zote juu ya meza ya parshe. Kazi safi kabisa, tulimpongeza kwa mkono wake. Kisha tukamuuliza: mnunuzi akipokea mfuko na kukuta zile nyeusi, atamuuliza nani? Wazee wa Idjwi na Kalehe wanakumbuka miaka ile kahawa ilivuka ziwa usiku na mitumbwi, ikauzwa bila jina, na watu wakazama. Leo mfuko uko na jina. Basi tulikubaliana: kufuta vumbi la kioo cha simu, ndiyo; kufuta kasoro ya kahawa au kuifanya nyekundu kuliko ilivyokuwa mu kikapo, hapana.

Bado jambo la usalama, ambalo mu Kivu si la kuchezea. Simu ikiwa na GPS wazi, foto inabeba mahali ilipopigwa, kwa namba za ramani, bila wewe kuandika. Foto ya depo iliyojaa mifuko, ikitumwa nzima, inaweza kumwonyesha mwizi mlango. WhatsApp ya kawaida inaondoa zile namba. Kama dokima, zinabaki. Kwa hiyo mu kamera zima mahali kabla ya kupiga depo, sanduku au nyumba ya mtu. Kwa foto za shamba ni kinyume: wanunuzi wa Ulaya wanaomba mahali pa kila shamba, juu ya sheria yao ya mwaka 2023 kuhusu misitu na kahawa. Zile ziachieni namba zake, lakini zibaki kwa karani na kwa mnunuzi peke yao.

Na kama mtu hataki uso wake uonekane, msifanye ukungu hafifu tu. Wekeni mraba mweusi mzima juu ya uso, kisha tumeni JPEG, si XCF, juu ndani ya XCF mraba ni tabaka tu, na anayeipokea anaweza kuliondoa.

Makoperative ambayo hayakufika yanaweza kuleta foto zao ku biro yetu ya Ibanda, kila siku ya nne asubuhi. Leteni ile ya asili, na simu yenye moto.