Nyumba Ipimwe Kuanzia Kitandani

Huenda mzazi wako ameruhusiwa kutoka hospitalini, nawe unataka kumjengea nyumba ndogo hapa Voi. Neno usanifu lisikutishe. Maana yake ni kulipanga jengo kabla ya kulijenga, na sehemu kubwa ya kazi hiyo yataka penseli, karatasi na subira tu.

Anza na kitanda. Mzima hushinda nje. Mgonjwa hushinda hapo. Basi jiulize: akiwa amelala, atavuta hewa gani, na kutoka hapo hadi chooni ni hatua ngapi? Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, aliandika mwaka 1859 kwamba jambo la kwanza katika uuguzi ni hewa ya chumbani kuwa safi kama ya nje, bila mgonjwa kupigwa na baridi. Watu hushika nusu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Tuje kwenye jua. Voi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua hukaribia utosini, na mabati ndiyo yanayobeba joto jingi zaidi. Asubuhi na jioni jua hushuka na kupiga kuta za mashariki na magharibi, ambako upenu, yaani sehemu ya paa inayochomoza nje ya ukuta, hausaidii kitu. Ndiyo maana urefu wa nyumba huelekezwa mashariki kwenda magharibi, na madirisha hukaa kaskazini na kusini, ambako upenu wa kiasi huyatilia kivuli.

Madirisha hayo yatakupa mpishano wa hewa: hewa iingie upande mmoja, itokee wa pili. Dirisha moja halitoshi hata likiwa kubwa, kwani hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Tundu la kutokea liwe juu, karibu na dari, maana hewa ya moto hupanda.

Najua utauliza: na lile vumbi jekundu la Voi? Swali zuri, hasa kwa mgonjwa wa kifua. Dirisha la kuingizia hewa lielekee uani kwenye miti, si barabarani, na wavu wake wa mbu uweze kutolewa ukafuliwa. Wavu uliozibwa na vumbi hauna tofauti na ukuta. Jiko la kuni nalo litengwe, tena mahali ambapo upepo hautaurudisha moshi chumbani.

Panda sasa milimani, hadi Wundanyi. Huko kuna ukungu, na nguo hukawia kukauka. Jua la asubuhi tulilolikwepa Voi, huko tunalitafuta: dirisha la mashariki, kitanda karibu nalo. Kanuni ni ile ile ya Nightingale, ila jibu limegeuka. Kwa hiyo usinakili ramani ya shemeji yako wa milimani, hata akikupa bure.

Miguu na magurudumu vina hesabu yao. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, kiti cha magurudumu kipite bila kukwaruza vidole. Penye ngazi weka mteremko: kila sentimita 1 ya kupanda ipewe 12 za urefu, hivyo baraza ya sentimita 15 yataka mita 1.8. Fundi atakwambia mteremko mfupi watosha. Mwombe amsukume mtu mzima juu yake.

Pesa zikibana, hapa Voi mimi ningeanza na dari chini ya mabati, yenye matundu ya kutolea joto. Vigae vitasubiri.