Chai ya Alasiri ya Waingereza na Saa za Kula

Msomaji wa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, anaposimuliwa habari za Uingereza, haichukui muda kabla ya kuletewa picha moja: watu wameketi saa kumi alasiri, birika la kauri mezani, maziwa pembeni, vipande vyembamba vya mkate vyenye tango katikati, skonzi za kupaka jamu na krimu nzito, na keki ndogondogo. Watu wa Devon hutanguliza krimu, wa Cornwall hutanguliza jamu, wala hakuna upande unaokubali kushindwa. Meza kama hiyo ipo kweli kwenye hoteli za London na siku za sherehe. Siku nyingine Mwingereza hunywa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa wakati wowote, tangu kuamka hadi kulala. Wengi huiona desturi ya meza hiyo ya alasiri kuwa ya kale sana. Naamini ni changa, na kwamba kilichoizaa ni kusogea kwa saa za kula.

Chai yenyewe ilitangulia mbali. Iliuzwa London tangu miaka ya 1650, na mwaka 1662 Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno, alipoolewa na Mfalme Charles II, kuinywa kukawa fahari ya jumba la kifalme. Kodi iliifanya ghali na magendo yakashamiri, mpaka mwaka 1784 bunge lilipoishusha kutoka asilimia 119 hadi 12.5. Hata hivyo, katika miaka hiyo yote wenye uwezo waliinywa zaidi asubuhi, au baada ya chakula kikuu. Chakula hicho zamani kililiwa mchana. Kadiri taa zilivyoboreka na shughuli za mjini zilivyovutwa hadi jioni, kikasogezwa kidogokidogo, na kufikia miaka ya 1830 matajiri walikaa mezani saa moja au saa mbili usiku. Mchana walionja kitu kidogo tu. Hapo likafunguka pengo refu la njaa.

Atakayepinga atasema desturi hii ina mwanzilishi anayejulikana: Anna Russell, mke wa Duke wa Bedford, aliyekuwa akiishiwa nguvu alasiri na kuagiza chai na mkate chumbani mwake, yapata mwaka 1840. Ushahidi upo, na ni mzuri. Mwigizaji Fanny Kemble ameandika kwamba mwaka 1842, akiwa mgeni katika kasri la Belvoir, aliitwa kisirisiri chumbani kwa bibi huyo, akakuta wanawake wachache wakichemsha chai kwa birika la bibi huyo mwenyewe. Kemble aliamini kwamba desturi yote ilianzia hapo. Lakini tuangalie anachotuonyesha: kundi zima la wageni lilikuwa na haja ileile, na waliitimiza kwa kificho kwa sababu bado haikuwa na nafasi katika ratiba ya nyumba. Anna Russell alifungua mlango wa chumba chake. Njaa ilikuwa ya wote. Kama chakula kikuu kingeliwa saa nane mchana, mwaliko ule ungeishia pale pale Belvoir.

Wapo pia watakaosema kwamba bei ndiyo iliyoleta desturi. Bei ilikuwa na nguvu, na gharama yake isisahauliwe: sukari ya vikombe vile ililimwa na Waafrika waliotumikishwa utumwani katika visiwa vya Karibi hadi sheria ya kuukomesha ilipoanza kutumika mwaka 1834, na chai ya Assam iliuzwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1839 kutoka India iliyotawaliwa. Ila bei haichagui saa. Mfanyakazi wa kiwandani au mgodini alinunua majani hayohayo, akayanywa aliporudi kutoka kazini jioni pamoja na mkate na nyama baridi, kama mlo kamili. Saa zake za kazi zilikuwa nyingine, na chai ikazifuata.

Tanganyika nayo yathibitisha hilo. Wajerumani walipanda chai Amani, huko Usambara, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na chini ya Waingereza mashamba makubwa yakaenea Mufindi na Rungwe. Kinywaji kikafika hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, lakini saa kumi alasiri haikufuatana nacho. Maofisini na shuleni tuna chai ya saa nne asubuhi, kwa kuwa wengi hutoka nyumbani mapema na tumbo tupu. Mvuvi wa dagaa aliyekesha ziwani na taa huihitaji alfajiri anapofika nchi kavu, pamoja na chapati au muhogo. Mchana kuna ugali na samaki, jioni ugali tena. Alasiri ugali wa kwanza bado umo tumboni na wa pili hauko mbali. Pengo lililowasumbua akina Anna Russell hapa halipo.